Maziwa ya misitu ya Finland: kuchagua ziwa na kuingia majini salama

Aliyejifunza kuogelea Bagamoyo, Lamu au Kilwa akisimama kwenye gati la mbao katikati ya msitu wa Finland anakutana na maji ya aina nyingine. Ni baridi kuliko yanavyoonekana, hayambebi mtu kama bahari, mara nyingi sakafu yake haionekani, na pembeni hakuna mlinzi wa ufuo. Aliyekulia Uvira au Kigoma ameshazoea maji yasiyo na chumvi, lakini Tanganyika ni vuguvugu mwaka mzima. Huku tofauti ya nyuzi kumi kati ya uso wa maji na mita chache chini ni jambo la kawaida katika Julai.

Hayo yote yana dawa, na dawa yenyewe ni utaratibu. Inasikitisha familia kukaa Espoo, Tampere au Kuopio miaka na miaka, ziwa likiwa mwendo wa nusu saa tu, bila kuelezwa na mtu kwamba ziwa hilo ni lao pia na namna ya kuliingia.

Haki ya kufika

Finland ina maziwa yapatayo 188,000 ukihesabu kila lenye ukubwa wa kuanzia mita za mraba 500, na karibu robo tatu ya nchi kavu ni msitu. Sehemu kubwa ya msitu huo ni mali ya watu binafsi. Hata hivyo zipo haki za kila mtu, kwa Kifini *jokaisenoikeudet*, na hizo haziulizi uraia wala hazidai ada. Unaruhusiwa kutembea msituni, kuendesha baiskeli, kuogelea, kupiga kasia, kuchuma beri na uyoga, na kulala hemani usiku mmoja au miwili, hata kama ardhi si yako.

Mipaka ni michache na inaeleweka. Usiingie uani kwa mtu. Sheria haitaji idadi ya mita. Kipimo kinachofaa ni kwamba ukiweza kuona watu waliokaa mezani kwao, umesogea mno. Gati la nyumba ya mapumziko ya mtu si lako hata kama mwenyewe hayupo. Usiingize gari msituni nje ya barabara. Kuvua samaki kwa ndoano na chambo ni bure, ila ukitumia chambo bandia cha kurusha na kuvuta, mtu mzima hutakiwa kulipa ada ya serikali kwanza. Na moto wa kuni hauwashwi bila ruhusa ya mwenye ardhi. Hapa ndipo wageni wengi hukosea, maana nyama choma na ziwa ni vitu vinavyokwenda pamoja. Choma mahali palipotengwa: hifadhi za taifa na kambi nyingi za manispaa zina meko na banda la kuni. Tangazo la hatari ya moto wa msitu likitolewa, hata meko hizo za wazi hazitumiki. Hubaki zile zenye paa na bomba la moshi tu. Angalia tangazo hilo kwenye tovuti ya idara ya hali ya hewa asubuhi ya safari, na ubebe chakula kisichohitaji moto, usije ukabaki na kilo mbili za nyama mbichi juani.

Ndani ya hifadhi za taifa masharti hukaza kidogo: hema hupigwa mahali penye alama tu, na visiwa vingine hufungwa wakati ndege wanataga.

Ziwa huchaguliwa kwa ardhi yake

Kosa la kawaida ni kuchagua ziwa kwa picha. Picha hupigwa jua likiwa kali na maji yametulia, na haikuonyeshi sakafu. Kinachokuambia ukweli ni ardhi inayolizunguka ziwa, na kwa muogeleaji ardhi ya Finland ina sura mbili kubwa.

Ya kwanza ni *harju*: tuta refu, jembamba, la mchanga na kokoto, lililoachwa na mito iliyokuwa ikipita chini ya barafu kuu ilipokuwa inayeyuka, zaidi ya miaka 10,000 iliyopita. Juu yake husimama misonobari iliyoachana, na ardhi huwa kavu hata siku moja baada ya mvua. Ziwa lililo ubavuni mwa tuta la namna hii mara nyingi huwa na sakafu ya mchanga na maji maangavu, kwa sababu maji hupita kwenye mchanga na kuchujwa kabla ya kulifikia. Hapa ndipo pa kumpeleka mtoto, au mtu mzima anayeanza. Mfano mzuri ni Pulkkilanharju katika ziwa Päijänne, au Punkaharju upande wa ziwa Saimaa, tuta la kilomita kama saba lenye maji pande zote mbili. Punkaharju hufikika kwa treni: unapanda ya kuelekea Joensuu, unabadili Parikkala, kisha treni ndogo ya Savonlinna inasimama hapo hapo. Na maji ya Päijänne ni safi kiasi kwamba ndiyo yanayonyweka Helsinki, yakisafiri kwenye handaki la mwamba la kilomita 120 lililokamilika 1982.

Sura ya pili ni *suo*, kinamasi cha mboji. Maji yanayotoka huko huingia ziwani yakiwa kahawia kama chai ya rangi. Si machafu, rangi ni ya mboji tu, na maziwa mengi ya namna hii yanafaa kabisa kuogelea. Lakini yana mambo mawili ya kujua.

La kwanza, mwanga wa jua huishia juu juu. Tabaka la juu hupata joto haraka, la chini hubaki baridi. Dimbwi dogo lililozingirwa na miti halifikiwi na upepo wa kuyachanganya, kwa hiyo mpaka wa matabaka unaweza kuwa mita mbili tu kutoka juu, wakati mwingine pungufu. Ukielea umelala una raha zako. Ukisimama wima kupumzika, miguu inaingia kwenye maji ya nyuzi 10 na shavu la mguu linabana. Likibana, lala chali, vuta vidole vya mguu kuelekea kwenye muundi, pumua taratibu, kisha rudi ukingoni kwa mikono. Dawa bora ni kutosimama wima kabisa kwenye maji ya kina: ukichoka, geuka chali.

La pili ni zito zaidi. Kwenye maji ya kahawia, mtoto aliyezama nusu mita haonekani tena. Kwenye ziwa la mchanga ungemwona mita mbili chini. Kwa sababu hiyo peke yake, familia yenye watoto wadogo isianzie kwenye ziwa la kinamasi, hata kama liko karibu na nyumbani na hata kama jirani wa Kifini anaogelea huko kila jioni. Yeye analijua, amelijua tangu akiwa na miaka minne.

Haya yote unaweza kuyasoma nyumbani. Idara ya upimaji ardhi ina ramani ya bure mtandaoni iitwayo Karttapaikka. Fungua ziwa unalolitaka, tazama mistari ya mwinuko upande wa ufuo. Mistari ikibanana hadi ukingoni, mteremko huo mara nyingi huendelea chini ya maji: hatua mbili na umekosa sakafu. Mistari ikiachana, maji hushuka polepole. Alama za kinamasi zikigusa ukingo, tegemea tope. Jina nalo husaidia: *musta* ni maji meusi, *valkea* na *kirkas* ni maangavu, *hiekka* ni mchanga, *lampi* ni ziwa dogo ambalo kwa kawaida hupata joto mapema Juni na hupoa mapema Agosti. Ukiona neno *uimaranta*, hapo ni ufuo wa umma, na manispaa hupima maji yake wakati wa msimu, kuanzia katikati ya Juni hadi mwisho wa Agosti.

Upepo nao una kauli. Ukivuma siku nzima upande mmoja, husukuma maji ya juu yenye joto hadi ufuo unaoelekea, na ufuo ulikotokea hubaki na maji baridi yaliyopanda kutoka chini. Ziwa lile lile, siku ile ile, linaweza kuwa na nyuzi 21 upande mmoja na 16 upande wa pili. Wenyeji hufuata joto. Ila ufuo huo huo wenye joto ndio mwani wa sumu hukusanyika, na hilo nitalifikia.

Kwa anayeishi eneo la Helsinki, pa kuanzia ni Kuusijärvi huko Vantaa, pembeni ya hifadhi ya Sipoonkorpi. Kuna ufuo wa mchanga, vyumba vya kubadilishia nguo, mkahawa na sauna, na watu huogelea hapo hata majira ya baridi. Baada ya hapo nenda Nuuksio, hifadhi ya taifa tangu 1994, yenye madimbwi mengi madogo ya msituni. Unapanda treni hadi Espoo, kisha basi namba 245. Ukishuka Haltia unakuta kituo cha wageni na ziwa Pitkäjärvi; ukitaka Haukkalampi, tembea kama kilomita mbili kutoka kituo cha Haukkalammentie. Huko huko kuna Mustalampi, ambako vipande vya mboji huelea juu ya maji na kuhamahama kwa upepo. Ni vya kutazama. Havibebi uzito wa mtu na mimea yake huharibika ikikanyagwa.

Kuingia majini

Maji ya maziwa ya kusini huondokwa na barafu mwishoni mwa Aprili au mwanzoni mwa Mei. Siku ya nyuzi 25 za hewa mwezi Mei, maji yanaweza kuwa na nyuzi 9. Hewa inakudanganya. Katikati ya Juni maji hufika 15 hadi 18, na mwishoni mwa Julai hufika 20 na zaidi. Beba kipimajoto cha maji cha kufunga kwa kamba; ni cha bei ndogo na hakikisii. Kwa asiyezoea, chini ya nyuzi 18 ni maji ya kuingia na kutoka, si ya kuogelea mbali.

Kinachoua haraka ni mshtuko wa pumzi, ukiutangulia kwa mbali ule ubaridi unaoingia mwilini polepole. Ngozi ikipoa ghafla, mwili huvuta pumzi kubwa bila kukuuliza, kisha hupumua mbio mbio kwa dakika moja hadi tatu. Mdomo ukiwa chini ya maji wakati wa ile pumzi ya kwanza, maji huingia mapafuni, na ubingwa wa kuogelea hausaidii kitu. Ndiyo sababu hakuna anayepaswa kuruka kutoka gatini mara ya kwanza ya siku, awe mzoefu kiasi gani.

Ingia hivi. Simama maji yakifika magotini, jimwagie usoni, shingoni na kifuani kwa viganja. Shuka kwa ngazi ukitazama gati, mikono ikishika chuma. Maji yakifika tumboni, toa pumzi ndefu kwa mdomo uliobana, kama mara tano, na usisogee kokote mpaka uweze kusema sentensi nzima bila kukatwa na pumzi. Hapo mwili umekubali. Umetumbukia bila kutaka? Usipige mikono. Lala chali, elea, ngoja dakika moja na nusu hadi pumzi irudi, ndipo uogelee. Watu huanza kupambana katika dakika hiyo ya kwanza na kumaliza nguvu ambazo wangezihitaji katika ya tatu.

Jambo linalofuata ni kupima jinsi maji yanavyokubeba. Maji ya Bahari ya Hindi ni mazito kuliko ya ziwa kwa takriban asilimia mbili na nusu. Kwa mtu wa kilo 70, hiyo ni kama kilo moja na robo tatu ya msaada uliouzoea na ambao hapa haupo. Kama Zanzibar ulikuwa unaelea umelala bila kazi, hapa miguu itazama kwanza. Jaribu kwenye maji ya kifuani: jaza mapafu, lala chali, nyoosha mikono nyuma ya kichwa mpaka vidole vitoke kidogo juu ya maji. Mikono ikienda nyuma, miguu hupanda. Pumua kwa vipande vidogo ili mapafu yasibaki matupu. Jifunze hilo kabla ya kitu kingine chochote.

Kisha ogelea sambamba na ufuo, mahali ambapo ukishusha mguu unagusa chini. Usivuke ziwa. Umbali juu ya maji hudanganya kwa sababu hakuna kitu katikati cha kupimia, na ng'ambo inayoonekana mita 200 mara nyingi ni 500. Kipimo cha nchi za Nordiki cha mtu anayejua kuogelea ni huyu: anayeweza kuanguka kwenye maji ya kina mpaka kichwa kizame, akaibuka, na kuogelea mita 200 mfululizo, angalau 50 kati ya hizo akiwa chali. Usiyefikia hapo, baki kwenye maji ya kifuani bila aibu yoyote, na ujiandikishe darasa la watu wazima kwenye bwawa la ndani la manispaa, *uimahalli*, kwa majira ya baridi. Baadhi ya mabwawa huwa na saa za wanawake peke yao, uliza mapokezi. Unayefikia, funga kiunoni boya la kuvuta la rangi kali ili wapanda mashua wakuone. Ukibanwa na misuli utalishika.

Mara za kwanza dakika tano zinatosha. Toka kabla ya kutetemeka. Vidole vikikataa kukutana, dole gumba na kidole cha mwisho, umeshachelewa. Ukitoka, mwili huendelea kupoa kwa dakika kumi na zaidi, kwa sababu damu ya baridi ya miguuni na mikononi inarudi ndani. Kausha kichwa, vaa kofia ya sufu, vua nguo mbichi, vaa nguo za juu kavu, kisha za chini, kisha kunywa chai. Wengi huanza na viatu na simu.

Sakafu ina mambo yake pia. Tope la mboji linaweza kumeza mguu hadi gotini; usivute kwa nguvu, lala kifudifudi juu ya maji na piga mikono, mguu utatoka wenyewe. Mashina ya mayungiyungi hayamvuti mtu chini, lakini hukwamisha mwenye hofu. Toka kwa kurudi nyuma ulikoingilia. Mawe makubwa yaliyoachwa na barafu hukaa popote, na kwenye maziwa yaliyotumika kusafirishia magogo bado kuna magogo yaliyozama. Kupiga mbizi kwa kichwa mahali usipopajua huvunja shingo. Vaa viatu vya maji vya mpira.

Watoto na maboya

Mtoto asiyejua kuogelea anakaa umbali wa mkono wako, na kila mtoto ana mtu mzima mmoja aliyetajwa kwa jina. Penye watu wazima sita waliokaa wanazungumza, kila mmoja hudhani mwingine anatazama. Mtoto anayezama hapigi kelele. Anakuwa wima, mdomo ukipanda na kushuka, kimya. Maboya ya mikononi na vyura vya kujaza upepo ni vitu vya kuchezea. Jaketi la kuokolea liwe na alama ya CE, ile ya viwango vya usalama vya Ulaya, la uzito wa mtoto mwenyewe, si la kukulia, na mkanda wa katikati ya mapaja ufungwe, la sivyo jaketi linapanda na mtoto anashuka. Lenye nguvu ya kuelea ya Nyutoni 50 ni la mtu anayejua kuogelea tayari. La 100 hutengenezwa ili kumgeuza mtu uso juu. Magodoro ya kujaza upepo usiyapeleke ziwani kabisa, kwa sababu upepo wa kutoka nchi kavu huyasukuma katikati haraka kuliko baba anavyoogelea.

Mtu akizama, usimfuate mikono mitupu. Kila ufuo wa umma una boya la duara kwenye nguzo: mtupie, au mnyooshee tawi au kasia ukiwa umelala gatini. Mwingine apige 112 wakati huo huo. Aliyetolewa na hapumui, anza na pumzi tano za mdomo kwa mdomo, kisha mikandamizo 30 ya kifua na pumzi 2, bila kusimama. Aliyezama amekosa hewa kwanza, ndiyo maana pumzi zinatangulia. Pakua programu ya 112 Suomi mapema, kwa sababu msituni hakuna namba ya nyumba na programu hiyo hutuma mahali ulipo unapopiga simu kupitia kwake.

Vinavyowasha na vinavyouma

Kuna mwani wa kijani-buluu, *sinilevä*, unaochanua kuanzia Julai hali ya hewa ikitulia na kuwa joto. Unaonekana kama punje ndogo za kijani ndani ya maji au utando uliokusanyika ukingoni. Pima kwa fimbo: ukiuinua na ukaning'inia nyuzi nyuzi, ni mwani mwingine usio na shida, ukisambaa punje punje, shuku. Au jaza glasi, iache saa moja. Punje za kijani zikipanda juu, usiingie. Watoto na mbwa ndio huumia zaidi kwa kuwa humeza maji. Maji hayo hayapikiwi na hayamwagwi kwenye mawe ya sauna, maana kuchemsha hakuondoi sumu. Aliyeingia bila kujua aoge maji safi mara moja. Taasisi ya mazingira, Syke, hutoa hali ya mwani kila wiki majira ya joto.

Kwa aliyetoka Afrika Mashariki, hili litamshtua: zipo huku mabuu za ndugu wa kichocho. Ni za minyoo ya ndege wa majini, hutoka kwa konokono kwenye maji ya kina kifupi yenye joto na majani, na huingia kwenye ngozi ya mtu kwa makosa. Huko ngozini hufa. Unabaki na vipele vinavyowasha siku kadhaa, wakati mwingine wiki moja au mbili, basi, havileti kichocho. Epuka kukaa muda mrefu kwenye majani ya ukingoni penye bata, na jikaushe kwa taulo kwa nguvu ukitoka, usikauke kwa jua.

Kupe ndio wa kuogopa zaidi. Huamka joto likizidi nyuzi tano, hukaa kwenye nyasi ndefu za njia ya kwenda ziwani. Mkifika nyumbani kaguaneni: nyuma ya magoti, kinena, kwapa, kitovu, nyuma ya masikio na mizizi ya nywele za watoto, ambako kwenye nywele zilizosukwa huchukua muda kuonekana. Mshike kwa kibano karibu kabisa na ngozi, mvute moja kwa moja taratibu. Usimpake mafuta. Andika tarehe. Wekundu unaotanuka kupita sentimita tano katika wiki zinazofuata ni dalili ya borelia, ugonjwa wa bakteria unaoletwa na kupe. Nenda kituo cha afya, hutibiwa kwa antibiotiki. Kwenye ngozi nyeusi wekundu huo unaweza kuonekana kama doa la zambarau au jeusi zaidi kidogo, kwa hiyo mwonyeshe daktari hata kama haifanani na picha za vitabuni. Homa ya ubongo inayoletwa na kupe ina chanjo ya dozi tatu. Anayekwenda mara kwa mara maeneo yenye ugonjwa huo, kama Åland na visiwa vya Turku, achanjwe.

Mbu ni wengi Juni na Julai, lakini hawana malaria. Nyoka mwenye sumu ni mmoja tu, *kyy*, na yeye hukimbia ukikanyaga kwa kishindo. Akiuma, tulia, usitembee, usikate jeraha, piga 112.

Sauna, mkoba na saa ya kurudi

Sauna na ziwa ni kitu kimoja kwa Wafini. Oga kwanza, kalia taulo lako, kaa dakika kumi, toka nje upoe kidogo, ndipo ushuke ngazi. Mwenye shinikizo la damu au moyo amwone daktari kwanza, na pombe ibaki nyumbani. Tampere kuna Rauhaniemi, sauna ya umma kwenye ziwa Näsijärvi, ambapo mchanganyiko wa watu na mazoea ya muda mrefu humfundisha mgeni bila maneno. Kwenye sauna hiyo wanawake na wanaume huingia pamoja wakiwa na nguo za kuogelea. Waliozoea kujisitiri hawana shida hapo.

Mkobani: taulo mbili kwa kila mtu, kofia ya sufu, soksi kavu, viatu vya maji, kipimajoto, boya, filimbi, kibano, thamosi ya chai, maji ya kunywa lita moja na nusu kwa kichwa, karatasi za chooni (vyoo vya hifadhi ni vya shimo na mara nyingi hazimo), na mfuko wa taka, kwa sababu hifadhi hazina mapipa, kila ulichokileta unarudi nacho.

Wakati ninaoupenda ni wiki mbili za kwanza za Agosti. Maji bado yana joto la Julai, mbu wamepungua, na beri za buluu zimeiva kando ya njia, bure kwa kila mwenye ndoo. Inzi wa kulungu, *hirvikärpänen*, huanza wakati huo, wale wanaotambaa kwenye nywele na kukata mbawa zao. Kofia na nguo nyeupe hupunguza. Giza nalo linarudi haraka, na ratiba za basi za eneo la Helsinki hubadilika katikati ya mwezi, kwa hiyo thibitisha basi la mwisho la kurudi kabla ya kuondoka nyumbani, si ukiwa Nuuksio na betri ya asilimia sita.